Rubondo, leba ya samaki

Basi lilitoka Nyegezi, Mwanza, alfajiri, na usingizi haujanitoka sawasawa tukawa tumeshavuka Daraja la Kigongo–Busisi. Waliozoea njia hii wananielewa. Kabla ya Juni 2025 hapo palikuwa pa kukaa foleni ya kivuko, kununua karanga usizozihitaji na kuangalia saa kila baada ya dakika mbili. Sasa ni kilomita tatu hivi za lami juu ya maji, unapita huku unachati. Wauza karanga sijui walihamia wapi.

Sengerema na Geita nilizipita nimelala. Muganza nikashuka, nikapanda bodaboda hadi mwalo wa Kasenda, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Harufu ya dagaa ilitupokea kabla hatujaliona ziwa.

Boti ya kwenda Rubondo, kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria, ilikuwa bado, nikajibanza kwenye kivuli cha kibanda alipokuwa mzee mmoja akishona wavu. Mbele yetu kijana alikuwa anapasua sangara. Aliingiza vidole viwili tumboni, akavuta polepole, bondo, kile kifuko cha hewa cha samaki, likatoka: jeupe, linateleza, limejaa kiganja chake. Akalisuuza mara mbili na kulilaza peke yake kwenye sahani safi. Samaki mwenyewe alitupwa kwenye kreti, pwaa! Bondo likikaushwa linasafiri hadi China, na kwa bei, kilo ya minofu haiikaribii kabisa kilo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unakwenda kuangalia sokwe?"

Nikamwambia nakwenda kuangalia hifadhi. Akacheka, sindano ya nyavu mdomoni.

"Mle ni leba, mwanangu. Leba ya samaki. Sato jike anabeba mayai mdomoni, watoto anakwenda kuwatema kwenye vighuba vyenye matete, maji yakiwa yametulia. Ukipitisha kokoro pale, ule wavu wa kukokota, umezoa mama, mtoto na mjukuu. Mimi nimevuta kokoro ujanani, najua nilichokuwa natoa."

Nikadhani nimempata mtetezi wa uhifadhi. Kumbe bado.

"Lakini mimi nikikutwa mle na ndoano moja, nimekwisha. Mtalii anaingia na fimbo yake, anavua, anapigwa picha na sangara wangu."

Nikamweleza kwamba mtalii analipia kibali, na mara nyingi samaki anamrudisha majini.

"Anamrudisha? Sasa alikuwa anamsumbulia nini?"

Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kuvuka si mbali. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kilomita za mraba 457 hivi ukijumlisha visiwa vidogo na maji yanayokizunguka kisiwa kikubwa. Hayo maji ndiyo niliyoyafuata. Simba hakuna, chui hakuna, kwa hiyo msituni unatembea kwa miguu na askari wako, ingawa ukikaribia ufukwe unakumbushwa habari za mamba na viboko. Sokwe si wenyeji: waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960, wengine wakiwa wamekulia kwenye vizimba, wakaachiwa wajifunze msitu wenyewe. Wakajifunza. Mimi nilisikia kelele zao tu kwa mbali, na nikaonyeshwa kiota kimoja juu ya mti. Basi.

Nzohe, swala wa kwenye majimaji, ndiye aliyenilipa nauli. Alisimama ndani ya matete, maji yakimfika magotini, manyoya yamelowa na kushikamana. Alipoondoka nikaona kwato zake, ndefu, zimetanuka kama mkasi uliofunguliwa, ndiyo maana tope halimmezi. Alikanyaga bila kutoa hata sauti. Chini yake, kwenye kivuli cha yale matete, samaki wadogo wa urefu wa kucha walitawanyika kisha wakajikusanya tena palepale.

Nikamkumbuka mzee. Mwaloni sangara wa chini ya sentimita 50 hakubaliki kisheria, ila rula inampima samaki aliyekwisha kufa. Huku anaachwa akue kwanza, na akikua hakuna anayemzuia kutoka. Nakubaliana na mpaka huu wa maji ya hifadhi. Nisichokubaliana nacho ni kwamba anayelala njaa ili mpaka uheshimiwe ni jirani wa Kasenda, si mimi niliyekuja na kamera.

Kesho yake jioni tukarudi. Sikuona boya wala kamba, lakini mahali fulani katikati ya maji mitumbwi ilikuwa imejipanga mstari, kama walioambiwa wasivuke chaki. Mmoja ulikuwa umezidi. Nahodha akapunguza injini, hakusema kitu, akawatazama tu. Vijana wawili wakaanza kukusanya wavu wao, wakapiga kafi kurudi nyuma hatua kama ishirini, wakautega upya. Mmoja akatupungia mkono. Nahodha naye akampungia, akaongeza moto kuelekea Kasenda.