Magoti ya Mama na Njia za Usambara

Tulikuwa wanne: mama yangu, mwenye miaka 67 na magoti yanayomsumbua kila anaposhuka ngazi, mdogo wangu wa kiume, ambaye hukimbia kilomita 10 kila alfajiri, binti wa dada yangu, mwenye miaka 9, ambaye mwaka huo mzima alikuwa akichora vinyonga, na mimi, niliyepewa jukumu la kuchagua njia. Niliuchagua mwezi wa Julai kwa makusudi, kwa sababu wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa milima ya Usambara, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, huteleza hata kwa mwenye miguu imara, ilhali kipupwe huukausha. Kutoka Mombo gari lilipanda barabara ya kilomita 33 hivi inayopitia Soni hadi Lushoto, tukaliacha joto la tambarare na mashamba ya mkonge, na kabla hatujafika Soni mama alikuwa tayari amejitanda khanga ya pili.

Njia ya kwanza niliichagua kwa kuhesabu kilomita peke yake, na nilikosea. Mlima wa Kwa Mungu, ulio jirani na Soni, kwenye karatasi ulionekana matembezi ya nusu siku ambayo kila mmoja wetu angeyamudu. Kupanda hakukumshinda mama. Alipanda kwa mwendo wake, akisimama kila alipotaka, huku mtoto akifukuzana na vipepeo. Taabu ilianza katika kushuka. Anayepanda hutumia zaidi pumzi na misuli ya mapaja, na akichoka hupumzika akaendelea. Anayeshuka hutua uzito wake wote juu ya goti moja baada ya jingine, na misuli ya paja hufanya kazi ya breki kila hatua, hasa pale kokoto zinapoporomoka chini ya kiatu. Mama alishuka akiwa ameshika bega langu, bila kusema neno, na kwa jinsi ninavyomfahamu, ukimya ule ulinieleza kiasi cha maumivu yake.

Jioni ile, huko Lushoto, tulikaa na kijana Msambaa anayefanya kazi ya kuongoza wageni milimani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Hakuuliza tunataka kutembea kilomita ngapi. Alimuuliza mama ni lini mara ya mwisho alitembea saa mbili mfululizo, na kama goti humuuma akipanda au akishuka. Alimuuliza mdogo wangu kama amewahi kutembea siku mbili mfululizo akiwa na mzigo mgongoni, kwa maana mbio za alfajiri ni jambo jingine. Kwa mtoto alikuwa na swali moja tu: “Wewe unataka kuona nini?” Nilitambua kwamba mimi sikuwa nimemuuliza yeyote kati yao.

Kisha akatandaza ramani, akaonyesha kwa kidole mahali ambapo mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, imebanana, yaani penye mteremko mkali. Ipo kanuni ya kale ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892, inayompa mtembea kwa miguu saa moja kwa kila kilomita 5, na kumwongezea saa moja kwa kila mita 600 anazopanda. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, lakini haihesabu mapumziko, wala haijui lolote kuhusu goti la mtu wa miaka 67. Kijana yule aliitazama mistari iliyobanana kwa namna nyingine: alitafuta njia ambazo mama angeweza kuzipita bila kushuka kwa miguu alikopanda.

Hapo ndipo umbile la milima hii lilipotusaidia. Usambara ya Magharibi haikusimama kama koni moja yenye kilele. Imekaa kama jukwaa lililoinuliwa, lenye mabonde na vigongo juu yake, na kingoni mwake kuna magenge. Kwa hiyo mtu asiyeweza kupanda wala kushuka sana anaweza kufika kwenye ukingo wenyewe na kuona kila anachokiona mpandaji hodari. Kesho yake tulikwenda Irente kwa miguu, kilomita kama 6 kutoka Lushoto mjini, tukipita kijiji cha Yoghoi katika njia pana ambayo hata gari hupita. Kiongozi wetu alimtanguliza mama, akasema kundi hutembea kwa mwendo wa aliye mbele, na mgonjwa wa magoti akiwekwa nyuma atakuwa anakimbiza wenzake siku nzima. Tulipofika, ardhi ilikatika ghafla mbele ya miguu yetu. Chini kabisa, karibu mita 1,000, ilikuwapo Mazinde na tambarare inayofifia katika vumbi. Mama alikaa juu ya mwamba zaidi ya saa nzima. Tulirudi kwa gari, kama tulivyopanga tangu asubuhi, na napenda kusisitiza neno hilo “kama tulivyopanga”, kwa sababu mzee anayejua tangu mwanzo kwamba gari litamfuata hutembea kwa amani, wakati yule anayeitiwa gari baada ya kushindwa hujiona mzigo.

Siku ya tatu ilikuwa ya mtoto. Tuliingia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, msitu mkubwa wa mlimani ambao ukungu wake hutokana na unyevu unaoletwa na upepo wa Bahari ya Hindi. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa safu 13 kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, na kwa kuwa misitu yake imetengana kwa muda mrefu sana, viumbe vingi vilivyomo havipatikani penginepo duniani, wakiwamo baadhi ya vinyonga. Tulitembea mwendo mfupi mno. Nadhani hatukufika kilomita 3 katika asubuhi nzima. Tulisimama chini ya mti wa mkulo, ambao wanasayansi waliuita Ocotea usambarensis kwa heshima ya milima hii, na juu yetu mbega wakaruka, mikia yao yenye ncha nyeupe ikining’inia. Kinyonga hakuonekana.

Kiongozi alimweleza mtoto kwamba mchana kinyonga hufanana na jani, lakini usiku hulala kwenye ncha ya tawi na rangi yake hufifia, hivyo mwanga wa tochi humdhihirisha. Usiku ule tulitembea hatua zisizozidi mia mbili kando ya ua wa nyumba tuliyofikia, naye akamwona wa kwanza mwenyewe, dume mwenye pembe mbili puani. Alimwangalia bila kumgusa, kama alivyoagizwa. Ilikuwa njia fupi kuliko zote za safari yetu, na hakuna nyingine iliyomfaa zaidi.

Mdogo wangu alikuwa ameondoka alfajiri ya siku hiyo pamoja na kiongozi mwingine, kwa njia ya siku tatu inayovuka msitu kuelekea Rangwi na hatimaye Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa upande wa kaskazini-magharibi. Sisi tulimfuata kwa basi. Tulimkuta amekaa kando ya njia, viatu vyekundu kwa udongo, akitazama nyika ya Mkomazi iliyotandaa chini.

“Pole na safari, baba,” mama alimwambia, akampa maji. “Na magoti?”

“Yananiuma, mama. Kushuka kule jana kulikuwa kwingi.”

Mama alimsogezea khanga aikalie. Kisha akamgeukia kiongozi, akamuuliza kama kigongo kile kina kijia kisichoshuka. Kilikuwapo. Jua lilikuwa limebakiza muda wa kutosha, tukatembea saa moja na robo, mama akiwa mbele.