Nani Atamshusha?

Kijana wa mizigo pale gati la Manda aliliinua begi langu, akalirudisha chini, akanitazama usoni. "Kaka, umebeba nanga?" Nikamwambia ni kamba. Akacheka hadi wenzake wakageuka. Mtu atoke Marekani aje na kamba Lamu, mji wa majahazi!

Hakukosea sana. Katika kilo 23 nilizoruhusiwa na ndege, 17 zilikuwa kamba mbili za mita 45, mikanda miwili ya kukwelea, roda mbili za alumini, kofia ngumu na karabina, zile pete za chuma za kunasia kamba, dazeni nzima. Mama alilifungua begi usiku ule ule akitarajia manukato na mashuka. Alitoa karabina moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya mkeka, mwisho akauliza kwa ule upole wake unaouma: "Haya ndiyo tuliyokusomeshea?"

Inabidi nieleze. Mimi ni mkwezi. Huko Minneapolis, jimbo la Minnesota, ninakoishi mwaka wa tisa sasa, kazi hii ina jina refu na kadi yenye namba, lakini jina lisikubabaishe: asubuhi navaa mkanda, napanda mti, nakata kinachostahili kukatwa, nashuka. Miaka mitatu ya mwanzo Mama aliwaambia majirani kwamba niko "mambo ya mazingira". Simlaumu. Kwetu mkwezi huitwa akihitajika, hulipwa kwa idadi ya minazi, hupewa dafu la kuondokea nalo, na akienda kuposa huulizwa ana kazi gani nyingine.

Nilifika kwa bahati nasibu ya viza, nikaanza ghalani, kupanga maboksi usiku kucha. Rafiki mmoja Mmexico ndiye aliyenipeleka kwenye kampuni ya miti, kazi ya chini: kuburuta matawi hadi kwenye mashine ya kuyasaga, baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, ndevu zimeganda. Kampuni hiyo siitaji jina. Siku ya kwanza kunipandisha walinipa mkanda ulioachia mshono, na nilipouonyesha niliambiwa mwenzangu kauvaa miaka miwili na hajafa. Nilidumu miezi minne.

Kwenye kampuni ya pili nilikwenda nimejiandaa kujisifu, mtoto wa Langoni niliyekwea minazi tangu nina miaka kumi. Msimamizi hakuniuliza kama naweza kupanda. Alinisimamisha chini ya mwaloni, akaninyooshea kidole mwenzangu aliyekuwa juu, akasema: "Huyu akizimia sasa hivi, nani atamshusha?"

Sikuwa na jibu. Na papo hapo nikamwona Ami, ndugu yake baba.

Nilikuwa darasa la tano. Ami alikuwa juu ya mnazi, mashambani nyuma ya mji, nyuki wakamtokea ndani ya makuti. Akalikumbatia shina chini kidogo ya kilele, akafumba macho. Chini tulijaa: watoto, wanawake, wazee waliotoka kuswali alasiri. Kila mtu alikuwa na rai yake. Shuka! Usishuke, tulia! Wafukizeni moshi! Wengine walimsomea dua. Kamba zilikuwako gatini, mwendo mfupi tu, kamba za kupandishia foramali, ule mti wa tanga ulio mzito kuliko watu watatu, na mabaharia wa kuzivuta walikuwa wamesimama nasi, vichwa juu. Hakuna aliyewaza kuzifuata. Ami aling'ang'ania mpaka mikono ikamwishia nguvu. Nyonga yake iliunga upande, na tangu hapo ni mtu wa baraza na bakora. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Tulilisema siku ile ile, tumembeba juu ya kitanda cha kamba, kana kwamba mti ndio uliomkosea.

Kwa hiyo niliposoma nilisoma kwa hasira. Chama cha kimataifa cha watu wa kazi hii, International Society of Arboriculture, kilianzishwa 1924, na cheti chake hakipatikani kwa kujuana. Kwanza uwe na miaka mitatu kazini, au masomo yafidie sehemu yake. Kisha ukalie mtihani wa maswali 200: udongo, mizizi, wadudu, ukataji, upandaji, usalama. Upo kwa Kispanyola, ndiyo maana yule Mmexico alinitangulia. Kiswahili nilijitafsiria mwenyewe, usiku, mezani jikoni, na yako maneno ambayo hadi leo sijayapatia mwenzake. Ukifaulu nako hujamaliza. Kila miaka mitatu uonyeshe umekusanya pointi 30 za kuendelea kujifunza, la sivyo cheti kinakufa. Nilipomsimulia Mama jambo hili alisema, "Kumbe ni kama udhu." Sijasikia mfano bora, na nimekaa kwenye mihadhara mingi.

Pointi nyingine unazipata peke yako kwa kusoma na kujibu maswali, lakini tamu ni zile za kukutana. Kila Machi, theluji ingali imelala kando ya barabara, Chuo Kikuu cha Minnesota huwa na mkono katika mafunzo ya siku mbili ya miti ya mjini. Utamkuta profesa na mtu mwenye unga wa mbao kwenye buti wanabishana juu ya mzizi uliojizonga shinani mpaka mti ukajinyonga wenyewe. Huko ndiko nilikojua kwa nini mialoni ya Minnesota haikatwi Aprili hadi Julai: kidonda kibichi huwaita mbawakawa, nao hubeba kuvu ya mnyauko. Huko ndiko nilikosikia habari za Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno wa injini ili atazame vidonda kwa ndani. Aligundua kwamba mti hauponi kama ngozi yetu inavyopona. Huzungushia jeraha ukuta, ukaliacha lilipo, ukaendelea kukua nje yake. Ndiyo maana tawi halikatwi likawa sawasawa na shina, wala haliachiwi kigutu. Kuna uvimbe mdogo pale shingoni mwa tawi, na msumeno hupita nje kidogo ya uvimbe huo. Nilitoka ukumbini nikiwaza miarobaini ya kwetu tunayoikata kichwa kila mwaka ati ipumue. Nilikuwa mmoja wa wakataji.

Septemba tuna siku ya kujitolea, tangu 2015, kupogoa miti ya makaburi ya wanajeshi. Kwetu Minneapolis ni Fort Snelling. Watu wa kampuni zinazonyang'anyana wateja mwaka mzima siku ile wanaazimana misumeno. Napenda kwenda, ingawa mgongo hunidai kwa siku mbili.

Lakini kinachonikumbusha nyumbani ni mashindano. Yale ya kimataifa yalianza 1976, mjini St. Louis, na kila tawi la chama hufanya ya kwake ili kumpata wa kwenda huko. Ukiyaona utadhani ni siku ya mashindano ya punda na mashua hapa Lamu: watoto mabegani, watu na vyakula vyao, na kila mtu mzima ana hakika kwamba yeye angefanya vizuri zaidi. Kuna kurusha kifuko chenye risasi za chuma kilichofungwa kamba nyembamba, kipite juu ya tawi lililotajwa. Kuna mbio za kupanda. Kuna kutembea juu ya matawi ukipiga kengele zilizotundikwa huku na huku, ushuke salama. Na kuna uokoaji: sanamu la uzito wa mtu limening'inizwa mtini, saa inahesabu, wewe ulishushe bila kulijeruhi zaidi.

Mara yangu ya kwanza niliukimbilia mti kama mwizi aliyeona mlango wazi. Nililifikia sanamu, nikalifunga, nikalishusha, nikajipongeza. Jaji alinikata alama nyingi. Sikuita msaada kabla ya kupanda. Sikutazama kama kuna waya wa umeme uliogusa mti. Sikumsemesha majeruhi hata neno moja. "Ungekuwa maiti wa pili," aliniambia, akaenda zake kunywa kahawa. Tangu siku ile, asubuhi tukisimama duara kabla injini haijawashwa, mimi ndiye msumbufu wa kuuliza: anwani ya hapa ni ipi, hospitali iko wapi, akikwama mtu nani anapanda? Wenzangu wananiita Imamu. Wasomali wa msikitini kwetu hawaelewi utani wenyewe umetoka wapi.

Basi. Jumamosi moja baada ya alasiri, likizo ikielekea ukingoni, nilivibeba vile vyuma hadi shambani. Walikuja vijana watatu wanaoangua nazi, watoto wasiohesabika, na Ami juu ya punda, bakora mapajani.

Nilianza kwa mbwembwe. Nikazungusha kifuko cha risasi, nikakirusha hadi kileleni. Kikapiga makuti, kikarudi chini. Nikarusha tena. Ami aliniacha mpaka mara ya nne. "Mnazi hauna panda, mwanangu," akasema. "Hiyo kamba yako itakaa wapi yuu?" Watoto walianguka kwa kicheko. Minnesota haina mnazi hata mmoja, nami nilikuwa nimesahau mti nilioanzia.

Nikajaribu kurudisha heshima kwa upande wa elimu. Nikawaonyesha ngazi zilizochongwa shinani, nikawaambia kila moja ni kidonda kisichofunga; kwamba mwaloni hunenepa mwaka hadi mwaka ukafunika jeraha, lakini mnazi haunenepi hivyo, alama ya panga hubaki nao maisha. Kwetu huko, nikasema, hata viatu vya miiba ni marufuku kwa mti unaopogolewa ili uishi. Ami alilipapasa shina kwa bakora. "Hizi alichonga babu yako. Yeye kafa, mnazi wazaa." Sikumjibu. Bado naamini kidonda ni kidonda, ila sina hoja ya kuushinda mnazi uliozaa mbele ya macho yangu.

Kisha akawageukia vijana, akawauliza nani kati yao hupanda na waya. Mmoja tu. Akawasomea: mkwezi anayeshusha nazi tu ni mchukuzi, mkwezi hutazama moyo wa mnazi, akiona tundu la chonga humvuta mdudu kwa waya uliokunjwa ncha kabla hajaufikia moyo. Nilikuwa nimekaa chini nikisikiliza kama niko kwenye yale mafunzo ya Machi. Sisi huko tuna mdudu wetu, wa kijani anayeng'aa kama kito, aliyeonekana Minnesota kwa mara ya kwanza 2009, St. Paul. Watoto wake hula chini ya gome la mti uitwao ash hadi mti ukauke, na mji uliopanda mti huo mitaa kwa mitaa umelazimika kuikata kwa maelfu. Waya wa Ami haungetusaidia. Macho yake labda. Mtu kama yule angepewa saa nzima ukumbini, na kila aliyemsikiliza angeandikiwa pointi.

Tukafika kwenye uokoaji. Kijana mdogo kuliko wote alivaa mkanda wangu, akakwea kwa ngazi za babu, alipofika mita kama nane akajifungia shinani, akalegeza shingo, akazimia vizuri kuliko sanamu lolote la mashindano. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni alipiga ukelele, ikabidi tumtulize kwanza.

Nikauliza swali langu. Vijana wakatazamana.

Nilipanda kwa mikanda miwili ya kuzungushia shina, nikiihamisha mmoja mmoja ili nisibaki hata nukta bila kufungwa. Nikalifunga roda juu yake, nikapitisha kamba, nikamuunga kijana ncha moja, ya pili nikaiangusha. Chini nilikuwa nimewaagiza wauzungushie mwembe mara mbili, msuguano ubebe uzito. Nilipotazama, kamba haikuwa mikononi mwa vijana. Ami ameshuka juu ya punda, bakora kaitupa, anazungusha mara ya tatu.

"Ami, mizunguko miwili yatosha!"

"Wewe u yuu," alisema. "Hii jarari ni yangu."

Jarari ni kamba ya kupandishia tanga: kabla ya ukwezi alikuwa baharia wa mashua za Kiunga. Hilo nalo nilikuwa nimelisahau. Alimwachia kijana shubiri kwa shubiri, mguu mzima umekita kwenye mzizi wa mwembe, macho hayabanduki juu. Nyayo za kijana zilipogusa ardhi hata vumbi halikutimka. Watoto walipiga makofi. Ami hakuiachia kamba.

Niliposhuka nilimkuta bado ameishika.

"Moja hii ingetosha?" aliniuliza, polepole, wengine wasisikie.

"Ingetosha, Ami."

"Nazo zalikuwako gatini."

"Zilikuwako."

Akatikisa kichwa, akaomba bakora yake.

Vifaa nimemwachia vyote isipokuwa kofia. Mama amenitumia ujumbe wiki hii: kamba zimelala chini ya kitanda cha Ami, nahodha mmoja alizitaka kwa mashua akaambiwa zina wenyewe, na vijana hawaangui nazi za mtu kabla mmoja wao hajatajwa kuwa ndiye mshushaji. Nikamtumia Ami sauti ya dakika nne kumweleza namna ya kukagua kamba kwa vidole, hatua kwa hatua, na dalili za kamba iliyochoka. Amenijibu kwa sauti ya sekunde tatu:

"Kamba naziyua tangu hujazawa."