Usiku wa Nzi Wasio na Mabawa

Katika mwaka wangu wa mwisho wa masomo, mwalimu wetu wa zuolojia alinichukua niwe karani wake kwenye kazi ya kukagua popo wa pango moja. Yeye angeshika mnyama, mimi ningeandika: jinsia, umri, uzito, urefu wa kigasha, na kila kiumbe kilichokutwa mwilini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyojaa kuliko zote, mpaka nikawa naandika pembeni mwa karatasi.

Tulitega wavu mlangoni mwa pango kabla jua halijazama. Sote tulikuwa tumechanjwa kichaa cha mbwa, tumevaa glovu na barakoa, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa popo kabla mwalimu hajamwonyesha namna ya kumshika. Giza lilipoingia walitoka kwa mkupuo. Wa kwanza kunaswa alikuwa popo mdogo wa jenasi ya Miniopterus, wale wenye vidole virefu wanaolala mapangoni wakiwa wamebanana maelfu kwa maelfu. Mwalimu alimgeuza tumbo juu, akayatenganisha manyoya ya kifuani kwa ncha ya kibano.

Kuna kitu kilikimbia. Kilikwenda ubavu, kikazama, kikaibukia begani, na kwa mwendo ule na ile miguu mirefu iliyopinda ungeapa kwamba ni buibui. Miguu ilikuwa sita. Mwalimu alimnasa kwa kibano, akamweka kwenye kichupa cha alkoholi na kunisogezea kioo cha kukuzia.

"Huyu ni nzi, mwanangu."

Mabawa hayakuwepo. Kichwa nilikitafuta mbele nikakikosa, kwa sababu nzi wa familia ya Nycteribiidae hukilaza kichwa chake mgongoni, ndani ya mfereji, kama kisu kinachokunjwa kwenye mpini wake, akakiinua anapotaka kunyonya damu. Mwilini alikuwa na safu za miiba iliyojipanga mithili ya vichana, ya kumzuia asichomoke popo anapojikuna. Na popo hujikuna kweli. Kucha za miguu yake ndizo adui mkubwa wa nzi huyu.

Mmoja wa wale nzi alikuwa na tumbo lililovimba, jeupe. Mwalimu aliuliza kama nilishawahi kusoma habari za mbung'o. Nilikuwa nimesoma: jike hatagi mayai, hulea buu mmoja ndani ya tumbo lake na kumlisha kwa maziwa ya tezi maalumu, kisha humzaa akiwa tayari kugeuka pupa. Nzi wa popo ni ndugu wa mbung'o na huzaa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba anapofikiwa na uchungu hana budi kumwacha popo, kutambaa hadi ukutani, kumbandika mtoto wake pale na kurudi upesi, maana bila damu hadumu siku nyingi. Mwalimu aliinua tochi kuelekea sehemu ya mwamba wanapolala popo. Nilikuwa nimeuona ukuta ule jioni nzima bila kuvitambua vile vidoa vyeusi vinavyong'aa. Kila kidoa kilikuwa pupa. Hapo nikaelewa kwa nini popo wa mapangoni huwa na nzi wengi kuliko wanaolala kwenye majani na kuhama kila mara: nzi anahitaji ukuta ambao mwenyeji wake ataurudia.

Tangu pale kila popo nilimtazama kama mahali. Kwenye utando wa bawa walikaa utitiri wa familia ya Spinturnicidae, wameukumbatia kwa miguu mifupi minene yenye kucha. Maisha yao yote hupita juu ya ngozi ile nyembamba, na wengi huzaliana majira yaleyale ya popo kuzaa, ili wapate kuhamia kwa watoto. Ukingoni mwa sikio kulikuwa na vitone vya rangi ya machungwa, mabuu ya utitiri wa aina nyingine kabisa. Tuliandika kupe. Tuliandika viroboto wa familia ya Ischnopsyllidae, ambayo haina mwenyeji mwingine ila popo. Chawa niliambiwa nisihangaike kuwatafuta, kwani popo hawana. Karibu kila kundi la mamalia lina chawa wake, popo hawana hata mmoja, na jambo hilo linanishangaza hadi leo kuliko yote yaliyopatikana.

Nyufani walikuwemo kunguni, jamaa wa hawa wa vitandani. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 umeonyesha kwamba ukoo wa kunguni una zaidi ya miaka milioni 100, maana yake walikuwepo kabla popo hawajakuwepo. Usiku ule sisi tuliwafunika tu kwenye kichupa na kuendelea.

Kisha akaja popo mwenye kivimbe nyuma ya sikio. Nilitaka kuandika "jeraha". Mwalimu alinizuia kwa mkono, akasogeza taa. Kivimbe kilikuwa na ncha iliyochomoza, na ncha hiyo ilikuwa mkia wa nzi jike wa jenasi ya Ascodipteron. Jike huyu huja kwa mabawa yake, akajichimbia ndani ya ngozi, akakata mabawa na miguu, halafu mwili wake ukatanuka ukawa kibuyu kinachonyonya na kuzaa. Akishaingia hatoki tena. Mwalimu hakumng'oa, kumng'oa kungemchana popo. Tulimpima, tukamwachia huyo popo aende.

Kabla ya kuachiwa, kila mmoja alitobolewa mshipa mdogo wa bawa, tone la damu likapakwa kwenye slaidi. Asubuhi, maabara, zilipokwisha kutiwa rangi ya Giemsa, ndipo nilipoona kilichokuwa ndani. Miongoni mwa chembe nyekundu zilikuwemo zilizojaa kimelea cha samawati chenye punje za hudhurungi. Punje hizo ni mabaki ya damu iliyoliwa, yaleyale unayoyaona kwenye malaria ya binadamu. Hiki kilikuwa Polychromophilus, jamaa wa kimelea cha malaria ambaye mtafiti aitwaye Dionisi alimweleza nchini Italia mwaka 1899. Na msambazaji wake si mbu. Ni yule nzi asiye na mabawa niliyekuwa nikimfukuzia manyoyani. Niliinua macho kutoka kwenye darubini, nikavitazama vichupa vilivyopangwa mezani, na mambo mawili niliyoyaandika kwenye safu mbalimbali yakawa jambo moja.

Tulikuwa pia na popo mmoja tuliyemwokota sakafuni mwa pango amekwisha kufa. Nzi walikuwa wameshamhama. Utumbo wake mwembamba ulipopasuliwa ndani ya sahani ya maji ulimwaga minyoo bapa, midogo kuliko punje ya ufuta. Mnyoo huyo alianzia majini. Mayai hutoka na kinyesi cha popo, kimelea huingia kwa konokono, kama kichocho kinavyofanya, kisha kikahamia kwa buu wa mdudu wa majini; buu akapata mabawa akaruka, na popo akamla gizani. Bila dimbwi lile lenye konokono, mnyoo huyo asingekuwepo.

Jioni mwalimu alinionyesha la mwisho. Juu ya mgongo wa mmoja wa nzi wetu kulisimama vijiti viwili vidogo, vyenye rangi ya kaharabu. Ilikuwa kuvu inayoota juu ya nzi wa popo, kimelea cha kimelea. Sikutaka kuondoka mezani.

Kazi za kuainisha zilipogawanywa, wenzangu walipenda damu na minyoo, kwa kuwa ndimo wanamotafutwa wadudu wa magonjwa. Mimi nilimwomba mwalimu anipe nzi wote.

"Wote?" aliuliza. "Basi anza na yule mwenye mimba. Mchore na mtoto wake tumboni, kila mwiba mahali pake."