Safu ya "inasubiri nini" ilivyotusaidia kupaua kabla ya masika

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa madarasa mawili shuleni kwetu, fedha zilikuwa zimeshaingia na masika hayakuwa mbali. Mradi ulikuwa wa fosi akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe na fundi analipwa ufundi tu. Kamati ni tatu: ujenzi, manunuzi na mapokezi. Naupenda utaratibu huu, kwa sababu anayenunua siye anayepokea. Ila kazi hukwama pale inapotoka kamati moja kwenda nyingine.

Nilianza na chati ya Gantt kwenye Excel, ile aliyoieneza Mmarekani Henry Gantt miaka ya 1910: kazi zinashuka kwenye mistari, wiki zinakwenda kwenye safu, unapaka rangi. Inaonesha kazi ianze lini. Haisemi kwa nini haijaanza. Hivyo nikaongeza safu tatu: nani, mwisho lini, inasubiri nini.

Safu hiyo ya tatu ndiyo iliyobeba mradi. Chukua lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Kwa fundi ni kazi ya kumwaga zege, basi. Kwenye jedwali langu ilianzia mbali: kuomba bei za nondo na saruji, kikao cha kulinganisha bei, hati ya ununuzi, gari kufika, kamati ya mapokezi kuhesabu na kusaini, mbao za boksi la kushikilia zege kufungwa. Nilianza na siku ya kumwaga, nikarudi nyuma hatua kwa hatua, na kila hatua ya karatasi ikapata mstari wake kama ukuta ulivyo na mstari wake. Hapo wajumbe wakaona wenyewe kwamba mafundi wanasubiri saini, si saruji.

Kumwagilia zege maji ili likomae nako nilikupa mstari, siku saba kamili, ili asitokee mtu wa kusema kazi imesimama. Siku hizo tukazitumia kupokea bati na mbao za kenchi, yaani fremu za paa.

Programu za kupanga kazi kama Trello zinafaa ofisini, ambako kila mtu ana kompyuta mbele yake. Wajumbe wetu wengi ni wazazi, wakulima na mama lishe. Nikaliandika jedwali kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya manila, likabandikwa ofisi ya walimu, na picha yake ikaenda kwenye kundi la WhatsApp kila Jumatatu baada ya kikao. Muhtasari nao niliufupisha ukabaki na yatokanayo tu: jambo, mhusika, tarehe.

Fomu ya mapokezi ilikuwa na kilichoagizwa, kilichofika, pungufu na saini. Dereva wa lori la mchanga alisaini papo hapo, kabla ya kuondoka.

Bati la mwisho lilipigwa mvua zikiwa bado hazijaanza. Sasa tunajenga vyoo kwa jedwali lilelile, nimeondoa mistari ya kenchi na kuweka ya shimo.