Karatasi Nyekundu Msimu wa Karafuu

Mwaka ule mikarafuu ilizaa sana Pemba, na madarasa yakapwaya. Skuli yetu, upande wa Wete, ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuweka mahudhurio kwenye kompyuta. Kwenye kikao cha walimu, ambacho mimi nilikuwa katibu, ililetwa karatasi yenye majina ya Kidato cha Pili yaliyopakwa rangi nyekundu: watoro. Maalim wa nidhamu alitaka barua za kuwasimamisha zitoke siku ileile.

Mwalimu Mkuu alimwacha aseme mpaka akatua, kisha akamuuliza, "Maalim, hii programu inahesabu nini hasa?"

Tukalifungua jedwali. Lilipangwa lihesabu kila kisanduku kitupu kuwa utoro. Basi mgonjwa ni mtoro, mwenye ruhusa ni mtoro, na mwalimu wa mkondo wa jioni asipoingiza daftari lake kwa sababu umeme umekatika, darasa zima ni watoro. Tena lilitafuta kwa jina, si kwa namba ya usajili. Na Pemba, Juma Khamis Juma hakosi mwenzake.

Tukaleta madaftari ya wino, tukalinganisha siku kwa siku. Herufi zikawa nne: H amehudhuria, M mgonjwa, R ruhusa, U utoro. Fomula ikaambiwa ihesabu U peke yake. Kisanduku kitupu kikawekewa njano, adaiwe mwalimu, asidaiwe mtoto.

Waliobaki kwenye wekundu walikuwa wachache, na hao walikosa kweli. Lakini zile U zilikuja kwa mafungu: ndugu wa nyumba moja, siku zilezile. Kwa anayejua kuchuma karafuu, kuzitenga na makonyo (vijiti vyake) na kuzianika kwenye majamvi kabla mvua haijawahi, hilo halihitaji mpelelezi.

Kuhusu akili ya hisia, wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliandika mwaka 1990 kwamba ni kutambua hisia zako na za wenzako, kisha kuzitumia kuongoza fikra na matendo. Mwalimu Mkuu sidhani kama aliwasoma. Hata hivyo hakumuumbua yule maalim. Alimkabidhi jedwali alisimamie, hasira ikapata kazi. Wazazi hakuwaita skuli pamoja. Walimu wa madarasa walikwenda majumbani baada ya alasiri, mmoja mmoja, na agizo la kuuliza kwanza nani anachambua, na saa ngapi.

Nyumba nyingi zilikubali watoto wachambue usiku. Mzee mmoja alikataa katakata, na barua yake nikaiandika mimi.