Daftari la kikoba: kitufe kipo, lakini kinabonyezeka?

Hisa na faini zimeshatulia, kwa hiyo wiki hii nguvu zote zimeenda kwenye majaribio ya skrini ya mkopo. Kwa aliyechelewa kujiunga: hii ni aplikesheni ya Android ya kutunza hesabu za kikoba chetu, naiandika kwa lugha ya Kotlin nikitoka kazini, na majaribio ya skrini (msimbo unaojibonyezea aplikesheni wenyewe na kukagua kinachoonekana) nayaendesha kwa Espresso, zana ya Google. Shabaha ni moja: kitufe cha "Tuma ombi" kionekane panapostahili, na pasipostahili kisionekane.

Jumatatu

Chanzo ni simu ya mama mweka hazina. Kioo chake ni kidogo na maandishi ameyakuza. Kwake fomu ya mkopo imerefuka hadi kitufe kikasukumwa chini, kimebaki kipande chembamba kama ukucha. Jaribio lenyewe halikuona tatizo, maana isDisplayed() hutosheka ikiona sehemu yoyote ya kitu ndani ya skrini. Nimeweka isCompletelyDisplayed(), likaanguka hapo hapo, ndivyo nilivyotaka. Katikati ya hizo mbili ipo isDisplayingAtLeast(), unayoipa asilimia mwenyewe. Na click() ina sharti lake la asilimia 90, ndiyo maana unaweza kukuta mstari mmoja unasema kitufe kinaonekana na unaofuata unagoma kukibonyeza.

Simu ya mama sasa naiigiza kwenye emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, kwa amri hii ya kukuza maandishi:

adb shell settings put system font_scale 1.3

Fomu yote nimeiingiza ndani ya ScrollView, kasha linaloruhusu kusogeza skrini juu na chini, na jaribio linaanza na scrollTo(), kukisogelea kitufe, ndipo liulize mengine.

Jumatano

Hapa ndipo muda ulipoishia. Ombi likiwa linatumwa, skrini hufunikwa na pazia lenye neno "Subiri". Mtandao ukisuasua pazia linachelewa kuondoka, na mtu hawezi kubonyeza chochote. Muulize Espresso: isDisplayed() inapita, isCompletelyDisplayed() nayo inapita! Zote mbili hupima mstatili wa kitufe dhidi ya wazazi wake na ukingo wa skrini. Jirani aliyelala juu yake hazimhesabu. Ukifanya click(), mguso unapelekwa mahali kitufe kilipo, pazia linaumeza, na hakuna kosa linalotolewa. Jaribio huja kuanguka mbele huko, likitafuta "Ombi limepokelewa", na unaanza kumkagua mtu asiye na hatia. Kitu kinachopitisha mwanga nacho ni hivyo hivyo: alpha, kipimo cha uwazi huo, ikiwa 0, binadamu haoni kitu, jaribio linaona.

Dawa niliyotumia ni kuandika kipimo changu. Kinachukua mstatili unaotolewa na getGlobalVisibleRect(), kinatafuta nukta ya katikati, kisha kinashuka kutoka mzizi wa skrini (kasha la nje kabisa lenye vitu vyote) kikianza na watoto waliochorwa mwisho, maana kwa kawaida ndio walio juu. Wa kwanza kukutwa kwenye nukta hiyo asipokuwa kitufe changu, jaribio linaanguka na kumtaja aliyekifunika. Huo ujumbe wa kosa peke yake umelipa jasho lote. Walio upande wa iPhone wana isHittable ndani ya XCUITest, zana yao ya majaribio, inayojibu swali linalokaribia hili bila kujichosha.

Kibodi lakini ni habari nyingine. Yenyewe hukaa kwenye dirisha lake, kipimo changu hakiioni kabisa. Ukiona Espresso inalalamika kuhusu ruhusa ya INJECT_EVENTS (ya kupeleka miguso kwenye dirisha la programu nyingine), kabla hujatafuta mchawi, tazama kama kibodi haijakalia kitufe. Baada ya kujaza kiasi cha mkopo naita closeSoftKeyboard(), basi.

Ijumaa

Zamu ya kutoonekana. Mwanachama mwenye deni hatakiwi kuona kitufe cha kuomba mkopo mwingine. Kama kitufe kimewekwa GONE, yaani kimefichwa, bado kimo kwenye mti wa skrini (orodha ya vitu vyake vyote), kwa hiyo unaandika not(isDisplayed()). Kama hakikuwekwa kabisa, ni doesNotExist(). Ukizichanganya, ya kwanza itakurushia NoMatchingViewException kwa kukosa hata cha kukagua.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jaribio la namna hii kupita mapema mno. Skrini haijapakia taarifa, kitufe bila shaka hakipo, jaribio linashangilia. Espresso husubiri foleni ya kazi za uzi mkuu, ule unaochora skrini, lakini coroutine zangu (kazi za pembeni za Kotlin) zinazosoma hifadhidata kwenye uzi mwingine haizijui mpaka niziandikishe kwa IdlingResource, njia ya kuiambia isubiri. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu: kwanza thibitisha kilichopo (jina la mwanachama na kiasi cha deni lake), ndipo uthibitishe kisichokuwepo.

Animesheni nimezizima kwenye emuleta zote, mipangilio yote mitatu ya kasi yake iko 0. Hilo halihitaji maelezo.

Iliyobaki ni orodha ya wanachama, ambayo nimeihamishia Compose, njia mpya ya kujenga skrini za Android. Kule majina ya amri ni assertIsDisplayed() na assertDoesNotExist(), na kwa kuwa LazyColumn, orodha yake ya kusogeza, haitengenezi safu zilizo mbali na kioo, mwanachama wa mwisho "hayupo" mpaka umfuate kwa performScrollToNode(). Naanza na huyo kesho, pamoja na wale wenye majina marefu yanayokata mstari.