Dakika Moja Nzima: Siku Yangu Kwenye Kliniki ya Watoto

Saa 1:10 asubuhi

Kabla sijavaa koti jeupe napita kwenye friji ya chanjo. Siifungui, nasoma tu kipimajoto: nyuzi 4. Inatakiwa ibaki kati ya 2 na 8, na mtu aandike mara mbili kwa siku, sikukuu zikiwemo. Wengi hudhani adui wa chanjo ni joto peke yake. Ya surua kweli haipendi joto. Ukishaichanganya una saa 6 za kuitumia, zikipita unaitupa hata kama chupa imebaki nusu. Lakini ya homa ya ini aina B, na zile zenye pepopunda ndani, huharibiwa na kuganda, na iliyoganda kisha ikayeyuka unaweza kuitazama usione tofauti. Ndiyo maana hatuzibananishi na ukuta wa nyuma wa friji. Mwaka jana nilikuta mfanyakazi mwenzangu kaweka humo chupa yake ya maji. Tulizungumza.

Saa 2:00

Foleni imeshafika mlangoni. Wa kwanza ni mchanga wa siku tisa, mama yake, na bibi mzaa baba. Bibi ndiye anayejibu kila swali. Mtoto ananyonya? "Ananyonya sana." Analala? "Analala vizuri." Namtazama mama, anatazama sakafu.

Kadi ya mtoto haina tatizo. Alizaliwa na kilo 3.2, siku ya tatu akashuka hadi 2.95, leo ana 3.25. Kushuka hivyo siku za mwanzo ni kawaida, mradi isizidi sehemu ya kumi ya uzito na arudi kwenye uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi. Ningeweza kumalizia hapo, dakika nne, foleni ikasogea. Nikamwomba bibi ampeleke mjukuu kwa sista akapimwe mzingo wa kichwa tena. (Kichwa kilikuwa kimeshapimwa. Sista ananijua, hakuuliza.)

Mlango ulipofungwa nikatoa karatasi ya maswali kumi, ile iliyotungwa Edinburgh mwaka 1987 kwa ajili ya akina mama waliojifungua karibuni. Swali la kumi linauliza kama umewahi kuwaza kujidhuru. Alisoma, akashikilia kalamu muda mrefu, akaweka alama kwenye "mara chache sana". Halafu akasema hajalala tangu ajifungue, hata mtoto anapolala, na kwamba akimtazama mtoto hajisikii chochote, anahisi amepewa mtoto wa mtu amshikie.

Watu huniuliza kwa nini daktari wa watoto anahangaika na mama. Sijui nimjibu vipi mtu wa hivyo. Mama huyu leo ndiye mgonjwa wangu, na sonona baada ya kujifungua ina matibabu. Tulikaa dakika ishirini na tano. Kwa ruhusa yake nikamrudisha bibi ndani, tukapanga nani atalala na mtoto usiku, na mchana huu huu akaonane na mtaalamu wa afya ya akili. Bibi, nikiri, alinishangaza: hakubisha hata neno moja. Alisema tu, "Na mimi nilikuwa hivyo kwa wa pili."

Saa 3:30

Nimeshachelewa kwa wagonjwa watatu.

Baba na mwanawe wa miaka mitatu. Kikohozi siku nne, kamasi limegeuka kijani, na baba anataka antibiotiki. Hakuficha: "Daktari, niandikie tu ile ya siku tano, nina kikao."

Kuna kitu kimoja ambacho sikiruki, na kinawaudhi wazazi kuliko sindano. Nainua shati la mtoto hadi kwapani, naweka saa ya sekunde mezani, naomba chumba kinyamaze, nahesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Tumbo likipanda ni moja. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 60 tuna shida. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Pia natazama kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, maana yenyewe inapaswa kutanuka. Hakuna mashine. Dakika moja ya kukaa kimya na mtu ambaye hujawahi kumwona ni ndefu ajabu. Wengi hushindwa, huanza kunisimulia habari za nyumbani nikiwa pumzi ya kumi na saba.

Huyu alipata 28. Kifua kinakwenda vizuri, masikio safi, anakimbilia mizani akapime mguu wake. Ni mafua. Kamasi la kijani halimaanishi bakteria, ni chembe za kinga zilizofanya kazi yake. Antibiotiki haigusi virusi; itakachompa ni kuharisha, na kuwafundisha bakteria walioko tumboni mwake jinsi ya kuizoea, ili siku akiihitaji kweli isifanye kazi.

Baba akaniuliza, "Kwa hiyo nimelipa nikahesabiwe?"

Aliondoka na maelezo ya dalili za hatari (asipoweza kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au asiamke vizuri) na uso wa mtu aliyeibiwa. Nadhani alipita duka la dawa. Wazazi wa hivi wanarudi na maksi mbaya kwenye fomu za maoni ya wateja, na uongozi husoma fomu hizo, hausomi idadi ya antibiotiki ambazo hazikuandikwa.

Saa 5:00

Mama wa mtoto wa miezi kumi na miwili, msomi, mpole, simu mkononi. Amekubali chanjo zote isipokuwa ya surua. Nilipoanza kazi hii ningemmwagia takwimu papo hapo. Ningemweleza kwamba makala ya daktari Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo hii na usonji (autism), ilihusu watoto 12 tu, kwamba jarida la The Lancet liliifuta mwaka 2010 na mwaka huo huo akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Kwamba Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000 na mwaka 2019 wakatangaza hawakuona uhusiano wowote na usonji. Yote ni kweli, na mengi yake angeniachia palepale mezani.

Siku hizi nauliza kwanza: "Ni nini hasa kinakutia hofu?"

Ikawa si kitu cha kwenye simu. Ni mtoto wa dada yake. Alikuwa na maneno matano, akachanjwa, baada ya wiki chache maneno yakapotea. Familia nzima iliona kwa macho. Hapo huwezi kumwambia mtu hakuona alichoona. Nilimwambia nakubali kilitokea. Kisha nikamwonyesha kwenye kadi kwamba chanjo hii hutolewa katika umri uleule ambao dalili za usonji huanza kuonekana, na kwa baadhi ya watoto maneno hupotea katika umri huo wawe wamechanjwa au hawakuchanjwa. Vitu viwili vikipita mlango mmoja kwa wakati mmoja, lazima utavihusisha. Na surua si ugonjwa wa kuchezea. Ili isipate njia katika jamii, watu kama 95 katika kila 100 wanapaswa wawe wamekingwa, kwa dozi mbili.

Akasema atarudi Alhamisi. Sijui kama atarudi. Nimeandika jina lake kwenye kidaftari changu, si kwenye kompyuta, kwa sababu kompyuta haina mahali pa kuandika "bado anafikiri". Ina "amekubali" na "amekataa".

Saa 6:15

Bibi mwingine, mjukuu wa kilo 8 mwenye homa. Amempa dawa ya homa "kijiko kimoja", kama ilivyoandikwa. Nikauliza kijiko gani. Akakitoa kwenye mkoba, cha chuma, kizuri, kirefu. Tukakijaza maji, nikayavuta kwa sirinji: mililita 11. Chupa inasema 5.

Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, yaani mtoto huyu asizidi 120, ambazo kwa dawa hii ni mililita 5 kamili. Alikuwa anapata zaidi ya mara mbili. Bahati nzuri ni mara mbili tu tangu jana. Bibi alishika mdomo. Nikampa sirinji, nikamwekea mstari kwa kalamu ya wino mzito, akajaribu mwenyewe na maji mpaka akapatia mara tatu mfululizo. Kijiko alikirudisha mkobani taratibu, kama vile ndicho chenye makosa.

Saa 7:00 mchana

Nakula nimesimama, nafunga mafaili. Kila mgonjwa kurasa tano za kubofya. Kuna kisanduku kinachouliza kama nimejadili usalama wa mtoto garini, na hakikubali kupita bila jibu hata mgonjwa akiwa wa siku tisa aliyebebwa mgongoni.

Saa 8:00

Wa miezi ishirini na sita, hasemi. Anaitwa, hageuki. Wazazi wamekuja na jibu tayari: ni tableti, jirani kawaambia, na wanalaumiana mbele yangu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inasema chini ya miaka miwili pasiwe na skrini kabisa, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja, ikipungua ni bora zaidi. Kwa hiyo ndiyo, wapunguze, hasa kwa sababu saa za skrini ni saa ambazo hakuna anayezungumza naye. Ila siwezi kukubali tableti ibebe lawama zote tukaacha kutafuta. Kwanza apimwe masikio. Maji nyuma ya ngoma ya sikio yanaweza kumfanya mtoto asikie dunia kama aliye chini ya maji. Pili, yale maswali ishirini ya kuchuja usonji kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Anaonyesha kitu kwa kidole ili na wewe ukione? Wazazi walitazamana. Hapana.

Rufaa nimeandika. Foleni ya mtaalamu ni ya miezi. Hilo ndilo linaloniuma katika kazi hii kuliko usiku wa zamu: tunafundishwa kugundua mapema, kisha tunampa mtoto tarehe ya mbali. Nikawafundisha mambo matatu ya kuanza nayo leo nyumbani bila kusubiri mtu.

Saa 9:40

Hapa ndipo nilipokosea.

Wa miezi mitano, kikohozi siku mbili, homa kidogo. Nilikuwa nyuma kwa saa nzima na zaidi. Nikainua shati hadi kitovuni, nikahesabu nusu dakika, 24, nikazidisha kwa mbili: 48. Chini ya 50. Nikamwambia mama ni mafua, amnyonyeshe mara nyingi zaidi, asafishe pua, na nikamrudia hotuba yangu ya antibiotiki niliyomsomea baba wa asubuhi. Mama akashukuru, akatoka.

Sista akaingia. Hakukaa. "Daktari, yule mtoto wa mwisho umemhesabu nzima?"

Watoto wa umri huo hawapumui kama saa ya ukutani. Huenda haraka, wakapunguza, wakasita, wakakimbia tena. Nusu dakika inaweza kuangukia kwenye kipande cha polepole. Ninalijua hilo, nimelifundisha kwa wanafunzi. Mama alikuwa bado kwenye benchi anafunga mtoto. Nikamwita, nikamwomba samahani, nikainua shati hadi kwapani safari hii, nikaweka saa mezani. 54. Na kila alipovuta hewa, chini ya mbavu paliingia ndani kidogo, sehemu ileile ambayo shati lilikuwa limefunika.

Oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia 95. Anakunywa, hatapiki, anatazama. Nimonia, lakini ya kutibiwa nyumbani: amoksisilini ya kuyeyusha, mara mbili kwa siku, siku tano. Dozi ya kwanza alimezea mbele yangu. Dawa ileile niliyomnyima mwenye miaka mitatu saa 3:30, na mara zote mbili kilichoamua ni kuhesabu.

Mama akauliza atajuaje usiku kama mtoto anazidiwa. Nikampa kiti changu. Tukahesabu pamoja, yeye na simu yake, mimi na saa yangu, sista akisimama mlangoni kuzuia watu. Mara ya kwanza alipotea njiani. Mara ya pili tulipishana kwa pumzi moja. Nikampa namba ya simu ya zamu, na kesho saa 2:00 ndiye wa kwanza.

Saa 11:30 jioni

Waliobaki walikuwa wa chanjo na kadi, walikwenda haraka. Yule mama wa asubuhi alionana na mtaalamu. Sista alithibitisha kwa simu. Friji: nyuzi 5. Nikaandika.

Saa 1:50 usiku

Simu ya zamu ninayo mimi leo. Ikaita. Sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Daktari, amelala. Arobaini na nne."

Kabla sijajibu akaongeza: "Nzima. Nimehesabu mara mbili."